Mia Safi ya Guka

Shosho wangu ana noti mbili za zamani ndani ya mkebe wa Kimbo. Mwezi wa nne tangi lake la maji lilipasuka, akaniita nyumbani, akamwaga vilivyomo kitandani na kuniuliza swali moja: "Hizi zinaweza kuleta tangi?"

Kwetu mimi ndiye mtu wa intaneti. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokwama, na tangu hapo naishi kwa kuandikia watu makala. Kwa hivyo kitu chochote chenye waya au Kiingereza huletwa kwangu. Nilizipiga picha zile noti, nikarudi Nairobi, nikaanza kuulizia.

Ya kwanza ni shilingi tano ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, toleo la 1964. Hilo ndilo toleo lililoondoa sura ya Malkia Elizabeth na kuweka chombo cha tanga ziwani. Ya Shosho imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imekuwa myeupe. Ina doa la kahawia na tundu la pini. Ya pili ni shilingi mia ya 1966, mwaka ambao Benki Kuu ya Kenya ilitoa noti zake za kwanza, na mia ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Mzee Kenyatta ametulia hapo, na hakuna mkunjo hata mmoja. Ukiishika inalia kama pesa iliyotoka kwa ATM leo asubuhi.

Kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: peleka zipigwe gredi.

Kama hujui dunia hii, hivi ndivyo inavyokwenda. Kuna kampuni ambazo kazi yao ni hiyo. Inayotajwa sana ni Paper Money Guaranty, PMG, iliyoanza 2005 na iko Florida, Marekani. Unatuma noti, wanakagua kama ni halali, wanaipa alama kati ya 1 na 70, kisha wanaifungia ndani ya plastiki yenye lebo. Noti iliyochoka hupata 8 au 12. Ambayo haijawahi kuzunguka mikononi mwa watu huanzia 60. Na ile ambayo karatasi yake haijaoshwa wala kunyooshwa huongezewa herufi EPQ, na wanunuzi huzipenda sana herufi hizo.

Si bure. Unalipa makumi ya dola kwa noti moja, halafu posta, halafu bima. Kwa hivyo swali la kwanza si kama noti yako ni ya zamani au ni nzuri. Swali ni pengo: bei yake ikiwa na gredi, ukitoa bei yake bila gredi, inabaki zaidi ya hizo gharama? Kama haibaki, umenunua plastiki ghali.

Chukua ile thao ya zamani. Karibu kila nyumba ninayoingia kuna mtu aliyebaki na moja baada ya 30 Septemba 2019, siku iliyokoma kutumika, na anaamini amekalia mali. Lakini noti takriban milioni 7.4 hazikurudi benki. Kitu ambacho watu wengi hivyo wanacho, tena kikiwa kimekunjwa, hakiwezi kulipa safari ya Florida. Labda yako iwe mpya kabisa na nambari yake iwe ya ajabu, kama 0000001. Na tafadhali usipige noti pasi. Jamaa mmoja mjini alinishauri hivyo, eti mikunjo itapotea. Wakaguzi wanaona, na noti iliyonyooshwa hushuka heshima kuliko iliyokunjwa kwa uaminifu.

Kwa hesabu hiyo jibu langu lilikuwa rahisi. Mia iende. Tano ibaki, kwa sababu gredi yake ingekuwa ya chini na huenda isilipe hata ada. Nikampigia Shosho kumweleza. Nilimwambia, nadhani kwa sauti ya mtu anayejua mambo, kwamba ile ya guka imetunzwa vizuri na ile yake imeharibika.

Akanyamaza. Halafu akasema, "Imeharibika? Ilikuwa inafanya kazi."

Ndipo nikasikia habari ambayo sikuwahi kuambiwa. Ile tano ilikuwa nauli. Alipoolewa, mama yake alimpa noti ile na kumwambia asimwonyeshe mtu: mambo yakiwa mabaya, panda basi urudi nyumbani. Aliikunja mara nne ikaingia kwenye upindo wa nguo yake, akaibana na pini. Kila nguo ilipochakaa, noti ilihamia nyingine. Siku zingine, anasema, aliigusa kwa kidole akiwa anapika, ajue tu kwamba ipo. Benki Kuu ilipoanza kutoa noti mpya, zile za Bodi zikaondolewa, na Shosho hakuwa na mtu wa kumwambia. Alikaa miaka akiitegemea nauli ambayo konda yeyote angeikataa.

Na ile mia? Guka alikuwa karani. Aliiweka ndani ya kitabu kikubwa cha hesabu, kabatini, na ufunguo aliuvaa. Mia ilikuwa zaidi ya alichopata Shosho kwa mwezi mzima akichuma kahawa. Shangazi yangu mkubwa alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na hakurudi shule tena. Mia ilikuwa kabatini. Ndiyo maana haina mkunjo.

Nimeifikiria sana hiyo. Wakaguzi wakiipa 64 au 66 watakuwa wamesema kweli tupu: karatasi hii haijaguswa. Lakini usafi wake una bei, na bei ile ililipwa na mtoto wa darasa la sita. Lebo haina nafasi ya kuandika hayo. Tundu la pini kwenye ile tano litahesabiwa kasoro, ilhali ile pini ndiyo iliyokuwa mlango wa dharura wa mwanamke mmoja.

Ningeweza kumalizia hapa, niseme gredi ni upuuzi, utu haupimwi kwa nambari, tupigiane makofi. Hata mwanzilishi wa mizani yenyewe ananipa sababu. Alama za 1 mpaka 70 zilitoka kwa Mmarekani aitwaye William Sheldon, aliyezitunga kwa ajili ya senti za kale za shaba katika kitabu chake cha 1949. Kazi yake nyingine ilikuwa kupima watu. Aliamini umbo la mwili linaonyesha tabia, akaupa kila mwili nambari tatu, kila moja kati ya 1 na 7, na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani walipigwa picha wakiwa uchi kwa ajili ya utafiti huo. Baadaye ilibainika pia kwamba alichukua senti nzuri za American Numismatic Society na kuacha mbovu zake mahali pake. Huyo ndiye aliyetufundisha kusema hiki ni 12 na kile ni 66.

Mimi ni mtu aliyeacha chuo. Ningependa sana hoja iishie hapo. Sote tuliosoma Kenya tunajua kupewa herufi moja baada ya miaka minne, kisha C+ inakuwa ukuta: walio juu yake huku, walio chini kule. Mimi niliuvuka ule ukuta na bado nikatoka mikono mitupu.

Lakini nikijaribu kuiuza ile mia bila gredi, nini kitatokea? Mnunuzi yuko Ujerumani au Singapore. Hanijui. Kwa nini aamini picha ya kijana wa Nairobi anayedai ana noti safi ya 1966? Angekuwa binamu yangu ni mkusanyaji maarufu, neno lake lingetosha. Sina binamu huyo. Ile nambari ya Florida ndiyo itakayomsimamia Shosho mbele ya mtu asiyemjua. Bila hiyo, dalali wa mjini angemlipa elfu mbili na kumwita mama.

Hivyo ndivyo nilivyobadilisha mawazo, hata kuhusu digrii. Nimekosa kazi ambazo ningezifanya usingizini kwa sababu mtu wa ofisini hakunijua na sikuwa na karatasi ya kunisemea. Aliyekuwa na mjomba mle ndani hakuulizwa karatasi. Anayedharau vyeti mara nyingi ni mtu anayejulikana tayari. Gredi ni kwa ajili ya mgeni, na maskini ndiye anayeishi kwa hukumu ya wageni kuliko mtu yeyote. Ubaya ni kwamba yeye ndiye pia ambaye ada humshinda.

Kosa langu kwa Shosho halikuwa kutafuta gredi. Kosa lilikuwa kuileta ndani ya nyumba na kuzungumza nayo na mtu aliyejua noti ile ilikofungwa. Hakuwa mgeni. Hakuhitaji kuambiwa ni ngapi kati ya 70.

Kwa hivyo, ukinitumia picha ya noti na kuniuliza kama ifaa kupigwa gredi, nitakuuliza kuhusu pengo la bei, kisha nitakuuliza: unataka nani aiamini? Kama ni mnunuzi, peleka. Kama ni wewe mwenyewe, au ni watu wa kwenu, hiyo ada kanunueni unga.

Mia ya guka imeondoka wiki jana, ndani ya bahasha yenye kadibodi pande mbili. Ada nimekopa, nami nitailipa ikiuzwa. Shosho hakuiaga. Nilipomuuliza kama ingemuuma kuiuza alisema hapana, acha mara moja inunue kitu.

Ile tano nilitaka kuiwekea plastiki safi, ya kawaida tu, isichakae zaidi. Akakataa. Aliikunja tena pale pale kwenye mikunjo yake ya zamani, taratibu, akaangalia huku na huku akitafuta pini.