Mlima Mmoja, Masimulizi Mawili

Karibu na mji wa Koboko, katika eneo la West Nile nchini Uganda, umesimama Mlima Liru, na chini yake vimo vijiji vidogo vya wakulima. Walugbara husimulia kwamba shujaa Jaki alifia mlimani humo, na mwenziwe Dribidu akafia Mlima Eti, uitwao pia Wati. Nazo koo zao hujihesabu kuwa uzao wa mashujaa hao wawili. Wakakwa nao husimulia kwamba babu yao Yeki alitoka kilima cha Karobe akaja kukaa papo hapo Liru, akazaa wana saba.

Basi mwanafunzi wa Arua au wa Koboko akiuliza, "Mwalimu, masimulizi yapi ni ya kweli, na mlima ni wa nani?" tumjibu nini?

Lipo jibu jepesi, kwamba yote ni kweli. Jibu hilo humnyamazisha mtoto bila kumfunza. Lipo na jibu kali, kwamba moja ni la kweli na la pili limeigwa. Hilo huwagombanisha watoto wa dawati moja.

Twaona yafaa kutenga maswali mawili. Masimulizi ya asili hujibu swali hili: nimshukuru nani kwa kuwako kwangu? Hati ya shamba hujibu jingine: nani alime hapa? Amkumbukaye babu yake hamnyimi jirani babu wake. Lakini ayatumiaye masimulizi kumfukuza mwenzake ametoka katika shukrani akaingia katika madai, na mwenye madai hana budi kuleta ushahidi.

Jambo hili si la mzaha. Katika vita vya 1979 na misukosuko ya 1980, Walugbara na Wakakwa wengi walikimbilia Sudan na Zaire, ambako walionja uchungu wa kuulizwa, "Kwenu ni wapi?" Waliorejea walihitaji mahali pa kujibu swali hilo, na wengi walijibu kwa kuutaja mlima. Mwaka 2005 Koboko ilitengwa na Arua ikawa wilaya. Mpaka ulichorwa upya, mlima haukuhama.

Nasi walimu wa Kiswahili tuna kazi gani hapo? Lugha yetu ni mgeni kwa Mlugbara na kwa Mkakwa, na wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni mwema hamtoi mwenyeji kitini. Kwa hiyo mtoto na asikie kwanza masimulizi kwao, kwa lugha ya mamaye. Kisha ayalete darasani kwa Kiswahili, majina ya Jaki, Yeki na Liru yakibaki yalivyo. Halafu mtoto wa Kilugbara asimulie habari za Yeki, na wa Kikakwa habari za Jaki, kila mmoja akisahihishwa na mwenyewe, mpaka mwenyewe aseme, "Ndivyo."

Atakayefika hapo atakuwa amejifunza zaidi ya sarufi.