Ubao Mpana

Twende kidogo ufukweni Waikiki, kule Hawaii, ambako mara nyingi mawimbi huja taratibu, marefu, yasiyo na hasira. Mwanafunzi anaingia majini na ubao mpya wa kupanda mawimbi. Ni mrefu kumzidi. Ni mpana, ni mnene. Pembeni yake wajuzi wana mbao fupi zilizochongoka, naye anaona haya. Haya ya nini? Ubao mpana huelea. Ukielea, hulishika wimbi mapema. Ukilishika mapema, mwanafunzi hupata muda wa kuinuka, kupanga nyayo, kuanguka, na kurudi tena. Ubao mfupi hausubiri. Unataka kasi ambayo mikono ya mwanafunzi bado haina, na asubuhi nzima itapita akipiga maji bila kusimama hata mara moja.

Utasema ubao mpana ni mzito kugeuza, na anayeuzoea atachelewa kuwa bingwa. Uzito huo ni kweli. Lakini anayegeuza ubao ni yule aliyekwisha kusimama juu yake. Tena Duke Kahanamoku, bingwa wa kuogelea wa Olimpiki ya mwaka 1912, mtu aliyeutangaza mchezo huu duniani, alipanda mbao ndefu na nzito katika maji hayohayo ya Waikiki, na hazikumpunguzia heshima. Ndivyo ilivyo kwa kila anayeanza kujifunza. Basi wewe unayeanza ushonaji leo, omba kitambaa cha kushona mshono ulionyooka. Omba uonyeshwe mara ya pili. Usione haya.