Je, Mungu Angeweza Kuifanya Tasa?

Chukua 2, ipandishe hadi kipeo cha 67, kisha toa 1. Utapata 147573952589676412927. Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa wa shirika la Waminimi, aliiingiza katika orodha yake ya namba tasa. Alikuwa mcha Mungu na msomi wa kweli, lakini namba haikumtii. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba si tasa, ingawa hakuweza kutaja hata kigawo chake kimoja. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili huwa nawasimamisha hapo: vigawo vilijulikana kuwa vipo, na hakuna mwanadamu aliyevijua. Vilikuwa wapi?

Vilipatikana. Oktoba 1903, mjini New York, Frank Nelson Cole alikwenda ubaoni mbele ya wanahisabati wenzake. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Upande mmoja alikokotoa kile kipeo, akatoa 1. Upande wa pili alizidisha 193707721 kwa 761838257287. Majibu yakalingana, akaketi, wakampigia makofi. Husemwa pia kuwa kazi hiyo ilimla Jumapili za miaka mitatu.

Sasa, Mersenne huyohuyo alikuwa ameandikiwa barua na rafiki yake Descartes mwaka 1630. Descartes alishikilia kwamba kweli za hisabati zimewekwa na Mungu, kama mfalme anavyoweka sheria katika nchi yake. Maana yake Mungu angependa, namba ile ingekuwa tasa. Descartes alikuwa akiulinda ukuu wa Mungu, nami ninayefundisha hesabu shuleni na dini parokiani naiheshimu nia hiyo. Lakini hoja yenyewe siikubali.

Shika kalamu uzidishe mwenyewe vile vigawo viwili. Unaanza na 1 mara 7, unaandika 7. Unaendelea, unabeba, unajumlisha. Niambie, amri ya mfalme ingeingilia hatua ipi? Ukibadilisha tarakimu moja tu, huzungumzii tena namba hii, umehamia nyingine.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, basi kuna kitu kinachomshinda Mungu?" Nilimwambia hapana. Anayesema "namba hii, yenye vigawo hivi, iwe tasa" hajataja jambo gumu la kumshinda yeyote. Hajataja jambo lolote. Hakuridhika, na alikuwa na haki. Akauliza kama namba, basi, hazikuumbwa.

Hapo namfuata Augustino, askofu wa Hippo, Mwafrika, aliyeona kwamba 7 na 3 kuwa 10 ni kweli isiyo na mwanzo wala mwisho, na akaihusisha na Hekima yenyewe. Nilimjibu kijana: hazikuumbwa, kwa sababu ujuzi wa Mungu haukuumbwa. Vigawo vya Cole vilikuwa humo kabla ya jiwe la kwanza kuwapo, vikijulikana bila kuamriwa.