Anga ni ya Nani?

Mwenye shamba ndiye mwenye kivuli cha mwembe wake. Je, nyota zipitazo juu ya shamba nazo ni zake? Mwezi wa Desemba 1976, mjini Bogotá, Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi za Ikweta zilizodai mamlaka juu ya njia ya setilaiti iliyo juu yao, kiasi cha kilometa 36,000 kutoka ardhini. Setilaiti iliyowekwa huko huzunguka sawasawa na dunia, hata ikaonekana imesimama mahali pamoja. Nazo nafasi zake ni chache.

Mkataba wa 1967 ulikuwa umekwisha kukataza taifa lolote kumiliki anga za juu, na dai lile halikukubaliwa na mataifa mengine. Jua pia hupita juu yetu, wala hatulidai. Lakini malalamiko yale yalikuwa na sababu. Afikaye kwanza kisimani hana haki ya kuteka maji yote kwa kuwa ana ndoo nyingi.

Mwaka 1982 wajumbe wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano walikutana Nairobi, wakaandika ya kwamba katika matumizi ya njia hiyo yaangaliwe mahitaji ya nchi zinazoendelea, na mahali nchi zilipo. Maneno ni machache, lakini yatufunza kuuliza nani bado hajapata.

Kisima kisicho na mwenyewe ndicho kihitajicho sheria zaidi. Kwani pasipo sheria, mwenye nguvu hujifanya mwenyewe.