Simba Alimfuata Nguruwe

Kuanzia mwaka 2002 hadi Aprili 2004, simba aliyepachikwa jina la Osama aliua watu wapatao 35 huko Rufiji, enzi ambazo Kibiti ilikuwa bado ndani ya wilaya hiyo. Askari wa wanyamapori walipomuua, walimkuta ni kijana wa miaka mitatu na nusu hivi, ana jipu kubwa chini ya gego lililopasuka. Basi jino likabebeshwa lawama. Wengine walikwishasema zamani kwamba yule si simba wa porini, ni wa kutumwa, wakaanza kutazamana kwa jicho baya.

Mimi natazama dungu.

Mpunga ukikaribia kuiva, familia huhamia shambani, kwenye dungu, kibanda juu ya nguzo, paa la nyasi, kuta za fito kama zipo. Usiku kucha watu wanapiga madebe, maana kundi la nguruwe pori likiingia, chakula cha mwaka kimekwenda. Na shamba liko mbali na nyumba: Operesheni Rufiji ya serikali, mwaka 1968, iliwahamishia watu vijiji vya juu, udongo wenye rutuba ukabaki bondeni.

Nguruwe anayemkeshesha mkulima ndiye huyohuyo anayemvuta simba. Palipojaa mashamba, swala na pundamilia hupungua, nguruwe hunenepa. Simba anamfuata hadi kwenye mpunga, na hapo anakuta windo lisilojua kukimbia, limelala nyuma ya fito.

Mtafiti wa simba Craig Packer na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kitanzania, walichapisha hesabu yao mwaka 2005: tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563. Mashambulizi yalizidi msimu wa mavuno, na yalikithiri kwenye wilaya zenye nguruwe wengi na wanyama wengine wachache. Jino bovu haliwezi kueleza idadi hiyo, wala uchawi.

Mwaka 2011 Packer na wenzake waliongeza jambo ambalo kila mwenye dungu angepaswa kuambiwa. Mbalamwezi humnyima simba windo, akabaki na njaa. Hatari hupanda siku zinazofuata mwezi mpevu, mwezi unapochelewa kuchomoza na kuacha giza mwanzoni mwa usiku, saa ambazo watu bado wanapika, wanatembeleana, na wanashuka ngazi kwenda kujisaidia kabla ya kulala.