Sabuni ya Majivu na Mawese

Tangu Agosti 1, 2018 hadi Juni 25, 2020, maradhi ya Ebola yalipotuhangaisha huku kwetu, Beni na Butembo, tulihimizwa kunawa mikono, maana sabuni huyeyusha utando wa mafuta uliokizunguka kirusi. Nami huona uchungu kila nionapo aila isiyo na kipande cha sabuni, ilhali mawese yamo jikoni na maganda ya ndizi yametupwa uani. Yaanikeni maganda hayo, yachomeni, mchuje maji polepole katika majivu yake, kisha myachemshe maji hayo pamoja na mawese kwa saa nyingi hadi yawe mazito: potasi iliyomo majivuni ndiyo igeuzayo mafuta kuwa sabuni, laini kama uji, yenye kutakasa vyombo na sakafu pasipo gharama kubwa. Sufuria ya alumini msiitumie, kwani maji ya majivu huila. Na watoto wakae mbali, maana maji hayo huunguza ngozi na macho. Na mkisafisha kwa klorini badala ya sabuni hii, tafadhali, msiichanganye kamwe na ndimu wala siki: hutoa hewa ya sumu iharibuyo mapafu.