Ujira wa Mzazi na Mchezo wa Mtoto

Twasikia kila siku lawama juu ya vijana: hawatoki nje, hawachezi, wameinamia simu mchana kutwa, nao ni wazito wa moyo na wepesi wa hasira. Lawama hiyo ina ukweli. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa zaidi ya wanafunzi 80 katika kila 100, wenye umri wa miaka 11 hadi 17, hawatimizi saa moja ya mazoezi ya mwili kwa siku. Lakini kosa ni la nani?

Mtazame mama auzaye chakula mjini Dar es Salaam. Aondoka kwake Mbagala saa kumi ya alfajiri, arudi saa mbili ya usiku. Chumba ni kimoja, mlangoni ni barabara ya magari, na uwanja waliochezea watoto rede na chandimu umekwisha kujengwa maduka. Humwachia mwanawe simu, maana mtoto mwenye simu hatatoka, na asipotoka hatagongwa. Je, tumwite mzembe? Kanisa lafundisha kwamba hatia hupungua mtu atendapo kwa kulazimika au kwa hofu. Baba mwenye ua mpana na jioni nzima mikononi mwake, naye ampa mtoto simu ili asisumbuliwe, habari yake ni nyingine.

Hatusemi kwamba simu peke yake huleta huzuni. Pengine kijana mwenye huzuni ndiye aikimbiliaye. Ila huko aonako karamu na mavazi ya wengine, mtoto wa maskini hapati faraja kubwa.

Baba Mtakatifu Pius XI, katika barua yake Quadragesimo Anno ya mwaka 1931, alidai mfanyakazi alipwe ujira utoshao kumtunza yeye na jamaa yake, akakemea vikali kuwalazimisha akina mama kuacha malezi kwa ajili ya udogo wa ujira wa baba. Wengi hudhani ujira ni habari ya unga na kodi ya nyumba tu. Kumbe ujira hununua na jioni. Nasi Wakristo tunaomweka mtumishi wa nyumbani hadi usiku kwa fedha kidogo, tumetwaa pia saa za mtoto wake, ambaye hata jina lake hatulijui.

Mtakatifu Yohane Bosco alipoanza mwaka 1841 kuwakusanya vijana maskini wa Turin, hakuwapa katekisimu peke yake. Aliwapa na mahali pa kucheza. Parokia zetu kadhaa za mjini zina ua mpana, lakini lango hufunguliwa Jumapili na siku za harusi. Halmashauri ya walei yaweza kupanga zamu ya wazee wawili kila siku, tangu saa kumi hata saa kumi na mbili ya jioni, na kununua mpira. Maua ya padre huenda yakaumia kidogo.